Sisi au Fisi

Zena alifika dukani kwa Sadala kabla mwenyewe hajamaliza kufagia baraza. Alikuwa na kaseti moja aliyoifunga kwenye pindo la kanga, na salamu yake ilikuwa fupi. Alisema anataka hedifoni. Sadala akaegemeza ufagio ukutani, akauliza za namna gani, maana siku hizi zipo za kila namna.

"Zinazosema kweli," Zena akajibu.

Sadala alianza kucheka, akauona uso wa binti, akaacha.

Duka lile lilikuwa Kibiti, jirani na yanaposimama magari ya Kusini. Si zamani sana Sadala alikuwa akiuza majembe, chumvi na viberiti tu, na sabuni ikifika watu wanaipangia foleni tangu alfajiri. Ilipokuja ruksa na wafanyabiashara wakaachiwa kuleta mali, duka likafumuka kama bisi kwenye chungu. Pale yalipokuwa majembe sasa zilining'inia saa za plastiki, miwani ya jua, tochi, na redio ndogo za Dubai. Sadala alikuwa pia na wokmeni, ile mashine ya kaseti inayoenea kiganjani, na alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili wanunuzi waijaribie hedifoni bila kuondoka nayo.

Wazo la hedifoni lilikuwa la Haidari, mchumba wake Zena, kijana wa Mbuchi anayeuza boriti Nyamisati. Jana yake alimpa utingo wa lori kaseti ile, aliyoichukua kwa mama yake, pamoja na ujumbe wa mdomo: kesho mama yangu anakuja kwenu kuivunja posa. Nitampitisha kwa Sadala kwanza. Wewe wahi, isikilize kaseti kwa hedifoni, maana kwenye hedifoni unamsikia hata mpiga ngoma akimeza mate.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye harusi. Mama yake Haidari, Bi Maimuna, alimwoza bintiye mdogo huko Mbuchi, dada mtu Ashura akiwa jikoni, na kwa kuwa posa ya Zena ilikwisha kupokelewa, shangazi yake Zena, Bi Mwanajuma, aliitwa kuimbisha. Bi Mwanajuma ni mwanamke ambaye akiimba ng'ambo hii ya mto, ng'ambo ya pili wanaitikia. Watu wa bwana harusi walipoingia uwanjani, aliwapokea kwa wimbo: Karibuni wageni, wenyeji ni sisi. Ndivyo alivyoimba, na mpaka leo ndivyo anavyoapa. Tena aliuimba kwa moyo mmoja, kwa kuwa neno hilo "sisi" lilikuwa na maana yake. Alikuwa anajihesabu mtu wa nyumba ile.

Siku hiyo hakuna aliyenung'unika. Haidari alikuwa ameazima redio kaseti kubwa, ya spika mbili, kwa rafiki yake wa Nyamisati, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, kati ya uwanja na jiko la uani, ikarekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye redio akaondoka nayo kwenda Mafia. Kaseti ikabaki kwa Bi Maimuna, naye akaicheza kwenye kiredio chake chenye spika moja iliyotoboka. Humo ndani, katikati ya ngoma na vigelegele, likatoka neno: Karibuni wageni, wenyeji ni fisi.

Laiti pilau lingetosha siku ile, pengine angecheka. Lakini pilau lilikwisha kabla mabibi wa upande wa bwana harusi hawajapata sinia, na jambo hilo lilikuwa halijapoa midomoni mwa watu. Basi neno likaangukia kwenye kidonda. Mbuchi nzima ikaja kusikiliza. Wahuni wakipita nyuma ya ua wa Bi Maimuna wakawa wanalia kama fisi. Bi Mwanajuma, alipofikiwa na habari, alisema yeye hawezi kuijibia redio mbovu, akagoma kumwomba radhi mtu kwa kosa ambalo hakulitenda. Wanawake wawili wakakaza, kila mmoja kwake, na katikati yao wakabaki Zena na Haidari.

Ndiyo maana asubuhi ile Zena hakuwa na muda wa salamu ndefu. Uchumba wake wote ulikuwa umesimama juu ya herufi moja.

Sadala alianza na zile za bei ya chini kabisa, vidude viwili vyeusi vya kutumbukiza ndani ya sikio. Alizisifu mno. Alisema vijana wa Dar wote ndizo wanazovaa, huzioni hata wakipita, unashangaa tu mtu anatikisa kichwa. Zena akazitia masikioni. Zilikuwa ngumu kama mbegu za ubuyu, na kila alipogeuza shingo moja ilichomoka. Akabonyeza wokmeni. Sauti ikaja nyembamba, imejaa mchirizo, kama samaki anayekaangwa chumba cha pili. Ngoma haikuwepo kabisa. Shangazi alikuwa anaimba kutoka ndani ya chupa, na neno lilipofika likapita likichirizika: wenyeji ni shishi. Zena akairudisha kaseti kwa kalamu ya wino, kuzihurumia betri, akasikiliza tena. Safari hii ni sisi. Akarudisha. Sasa ni fisi.

"Hizi zinasema lile unalotaka zikwambie," akasema, akazivua na kuyasugua masikio. "Lete nyingine."

Za pili zilikuwa nono. Mito miwili ya sponji iliyofunikwa kwa ngozi ya plastiki, laini, inayofunika sikio lote pamoja na kipuli chake. Zena alipozivaa, barabara yote ikanyamaza, na shingo ikalegea yenyewe kama mtu aliyelazwa kwenye godoro jipya. Angeweza kulala nazo. Ngoma ilipoingia ilishuka mpaka tumboni. Akajikuta bega linacheza na Sadala anatabasamu. Lakini juu ya ngoma ile maneno yalikuwa yamezama. Shangazi alikuwa kama anaimba huku ubwabwa umemjaa mdomoni. Kisha likaja neno, zito, la mviringo, halina shaka: fisi.

Akazivua na kuinama.

Sadala hakuelewa huzuni ile inatoka wapi. Alimweleza kuwa hizo ndizo bora katika zile mtu wa kawaida anazoweza kuzimudu, kwamba wateja wote wanazipenda kwa ule mdundo.

"Mimi sichezi ngoma, kaka Sadala. Natafuta herufi moja."

Sadala akakuna kidevu. Akasogeza tochi, akapeleka mkono nyuma ya rafu na kutoa jozi ya tatu, akiifuta vumbi kwa namna ya mtu anayeomba msamaha. Ilikuwa utepe mwembamba wa chuma na vipande viwili vya sponji ya rangi ya chungwa, basi. Alisema hizo zililetwa ndani ya katoni kama za kujazia, na kila aliyezijaribu alizirudisha, kwa sababu zinabana kama gando la kaa.

Hakusema uongo. Chuma kilimng'ata Zena juu ya masikio na kukandamiza vipuli vyake shingoni. Akakunja uso, akabonyeza.

Ikawa kama mtu kafungua dirisha.

Alimsikia mpiga ngoma akikohoa. Alisikia njuga miguuni mwa wachezaji, mtoto akililia maji, mbuzi ya nazi ikikwaruza mahali fulani, na mikono ya wanawake ikipiga makofi, kila jozi ya mikono na sauti yake. Hakuwahi kujua kwamba harusi nzima inaweza kukaa ndani ya kaseti namna ile, na mtu akaingia akatembea humo. Shangazi akavuta pumzi, naam, hata pumzi ilisikika, akaimba: karibuni wageni, wenyeji ni. Hapo yakaja maneno mawili kwa pamoja, moja limempanda mwenzake mgongoni. Sisi na fisi.

Zena alidhani anachanganyikiwa. Akarudisha, ikawa vile vile. Sikio la kulia lilikuwa linamuuma kweli sasa, kipuli kimeingia nyamani, akaisukuma sponji ya upande ule nyuma ya sikio ili apumue kidogo, akarudisha tena.

Wenyeji ni sisi.

Peke yake. Safi, na ile "s" imevutwa kidogo kwa namna shangazi anavyovuta akifurahi.

Alipiga meza kwa kiganja, saa za plastiki zikacheza kwenye misumari yake. Sadala akauliza kuna nini. Zena tayari alikuwa amebadilisha, ameliachia sikio la kushoto na kuibana sponji ya kulia kwa mkono. Huku kulikuwa dunia nyingine. Shangazi alikuwa mbali. Karibu kulikuwa na mifuniko ya masufuria, miko, kuni zikivunjwa, na mwanamke mmoja aliye karibu kabisa na redio, anacheka, anaitikia wimbo kwa mzaha: wenyeji ni fisi. Kisha mwanamke huyo akasema, bila kuimba: "Ashura, funika nyama hiyo. Hawa wenzio wataimaliza kabla haijafika uwanjani."

Zena alisimamisha kaseti. Sauti ile aliijua. Ilikuwa inapitia puani kidogo na kukokota mwisho wa maneno, na siku ya posa ilimwita yeye mkwe wangu.

Sadala, alipoelezwa kwamba kila sikio lina maneno yake, alifurahi kama aliyeitengeneza kaseti yeye. Alisema redio zile kubwa zina masikio mawili, moja kila upande, na kila moja hurekodi lililo karibu nalo. Ukija kuicheza kwenye kiredio cha spika moja, yote yanamwagwa ndani ya chungu kimoja. Kulikuwa na upande wa uwanjani na upande wa jikoni. Akauliza sasa huyo wa jikoni ni nani.

Zena alifungua mdomo, akaufunga. Kibiti walimjua kwa ulimi. Ni binti ambaye hakuweza kumwacha mtu aseme jambo kombo akapita. Na leo alikuwa na haki yote mkononi: kumwambia Bi Maimuna mbele ya watu kwamba fisi anayemtafuta ni yeye mwenyewe, aliwatania wapishi wake mwenyewe, na hasira zote za miezi hii amelikasirikia koo lake. Angeshinda, shangazi angeshinda, Kibiti nzima ingecheka mwaka mzima. Halafu aende Mbuchi kuishi na nani?

Alikuwa bado na swali hilo lori la boriti liliposimama barabarani.

Haidari alishuka kwanza, akampokea mama yake kikapu. Bi Maimuna alikuwa mwanamke mnene, wa mwendo wa taratibu, ushungi umekaa sawasawa licha ya safari ya mashua na lori. Zena akatoka barazani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti." Siku ya posa hakusema binti.

Haidari akaeleza kwa unyenyekevu mwingi kwamba kabla hawajafika kwa wazee, mama asikilize kaseti yake kwenye mashine nzuri, mara moja tu, kisha neno lake ndilo neno. Bi Maimuna alisema amekwisha kuisikia mpaka imemtoka masikioni. Lakini jua lilikuwa kali, Sadala alileta kiti chenye mto, na mtu aliyetoka Mbuchi asubuhi hakatai kiti. Mama muuza maandazi akasogea kuona. Nyuma yake wakasogea abiria wawili wa gari la Ikwiriri, kisha fundi baiskeli.

Bi Maimuna akazitazama hedifoni mezani, mkono wake ukaenda kwenye zile nono. Zena hakuweza kumzuia. Alizivaa, uso ukalainika, akaketi vizuri zaidi, akasema hizi ndizo za watu wazima. Kisha neno lilipofika, akainua kidole.

"Fisi," akawatangazia watu. "Wazi kabisa."

Watu wakaguna. Zena akamwomba, kwa sauti ya chini, ajaribu hizi nyingine. Bi Maimuna alikubali kwa shingo upande. Masikio yake yalikuwa yametobolewa toka juu hadi chini, na kila tundu lina kipete chake cha fedha; chuma kilipoyabana yote kwa pamoja, alikurupuka na kuzing'oa.

"Shangazi mtu kanitukana, sasa huyu anataka kunikata masikio. Haidari, chukua kikapu twende."

Sadala akazipokea hedifoni zake akitikisa kichwa. Haidari akashika kikapu. Zena aliona mlango unafungwa, na unafungwa kwa sababu ya upana wa utepe wa chuma.

Akazichukua kutoka mkononi mwa Sadala, akauweka utepe juu ya goti na kuuvuta hadi ukanyooka nusu, Sadala akilalamika kuwa hiyo ni mali ya duka. Akamwomba Bi Maimuna ainuke kidogo, akautoa mto wa kitini, akafumua mshono kwa meno na kuchota sufi. Haikuwepo nguo ya kuifungia. Basi akachana pindo la kanga yake aliyoivaa, kanga mpya, ya doti aliyopewa siku ya posa, na ikalia *chwaa* barabara nzima ikasikia. Bi Maimuna aliitambua. Akaketi tena. Zena akaizungushia sponji sufi na kitambaa, akaviringa na utepe wa juu pia, akapiga magoti mbele ya kiti na kuzipitisha taratibu chini ya ushungi.

"Zinabana, mama?"

"Hapana," akasema Bi Maimuna. Alikuwa anaitazama ile kanga.

Zena akaisogeza sponji ya kulia pembeni, akabonyeza. Akausoma uso wa mwanamke yule kama anavyosoma barua. Kwanza kope zilipigapiga, kwa mshangao wa njuga na makofi. Kisha kichwa kikaanza kuyumba kidogo. Kisha kikasimama.

"Sisi," Bi Maimuna akanong'ona. Akaomba irudishwe. "Mwanajuma kaimba sisi."

Minong'ono ikazuka barazani. Haidari akaachia kikapu bila kujua. Zena akazimisha mashine haraka, akasema inatosha, mama amechoka, sasa wakanywe maji. Lakini Bi Maimuna hakuwa mtu wa kusimamishwa njiani.

"Na fisi wangu yuko wapi?"

"Yatosha mama."

"Nimelia naye miezi hii yote, leo niondoke sijamwona?" Akazigeuza mwenyewe, akaliachia sikio la kushoto na kuikamata sponji ya kulia, akamwashiria Zena abonyeze. Akasikiliza. Akakunja pua. "Yupo. Yupo jikoni kwangu. Huyu mwanamke ni nani, mwenye sauti kama mbuzi aliyekosa maji?"

Haidari aliipenda ghafla tochi moja ukutani, akaigeukia. Mama muuza maandazi akamwambia Zena kwamba yeye ndiye aliyeshinda na kaseti hiyo tangu asubuhi, basi amtaje. Watu wote wakamtazama. Ulimi ulikuwa umekwisha kufika kwenye meno.

"Jikoni palikuwa na watu wengi," Zena akasema. "Sikumtambua."

Bi Maimuna akaagiza isirudishwe, iendelee. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenusa samaki. Zena alijua ni wapi kaseti imefika kwa kutazama midomo yake: ilianza kujitikisa yenyewe, inaongoza maneno kabla hayajaisha, Ashura, funika nyama hiyo. Mkono ukapanda polepole mpaka kooni, ukakaa pale.

Gari la Ikwiriri lilipiga honi na abiria wake hawakwenda.

Bi Maimuna akavua hedifoni kwa uangalifu. Akabonyeza mwenyewe kitufe cha kufungulia, akaitoa kaseti, akaitia kifuani ndani ya blauzi.

"Mwanajuma kaimba sisi," akawaambia watu. "Nimesikia kwa sikio langu. Huyo mwingine ni wa jikoni, na mambo ya jikoni hayauzwi barabarani." Kisha akamwagiza Haidari amlipe Sadala hedifoni zile za chuma, pamoja na mto wake.

Walitoka watatu, Haidari mbele. Walipoipita miembe ya shule na watu wakabaki nyuma, Bi Maimuna akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na Zena. Alikuwa amekibeba kikapu mwenyewe.

"Na kweli hukumtambua?"

"Sikumtambua, mama."

Bi Maimuna alitembea kidogo. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka bila sauti hadi akashika mti.

"Mbuzi aliyekosa maji," akasema, akijifuta macho kwa ushungi. Akamkabidhi Zena kikapu. "Shika, mkwe wangu. Twende kwa shangazi yako nikamwombe radhi. Na huko nitasema mimi. Wewe endelea kunyamaza vivyo hivyo."